Je, wajua kwa nini haidrojeni ya kale inatafutwa kwenye masafa ya FM?

Mvuvi anayeondoka Deep Sea, Tanga, usiku na kupita kisiwa cha Toten akiwa na redio ndogo ya betri kwenye ngalawa hutafuta stesheni zake kati ya megahezi 88 na 108, na pale pasipo na stesheni husikia mkwaruzo mtupu. Kwa wataalamu wa falaki, kipande hichohicho cha masafa kina thamani ya pekee, kwa kuwa ndipo yalipoangukia mawimbi ya haidrojeni yaliyoanza safari miaka takriban milioni 250 hadi 400 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, nyota za mwanzo zilipokuwa zikiwaka. Yalifikaje huko, na kwa nini redio ya mvuvi haiyanasi?

Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, nazo hufanya kana kwamba kila moja inajizungusha kama pia ya mtoto. Zinapozunguka kwa mwelekeo mmoja, atomu huwa na nishati zaidi kidogo. Elektroni ikigeuka, nishati hiyo hutoka kama wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, karibu shubiri ya mtu mzima, sawa na megahezi 1420. Atomu moja ikiachwa peke yake huweza kungoja kwa wastani miaka milioni 11 kabla ya kugeuka, lakini haidrojeni ni nyingi mno angani. Hendrik van de Hulst wa Uholanzi alilitabiri wimbi hilo mwaka 1944, nao Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa huko Marekani mwaka 1951.

Shubiri hiyo imerefukaje? Chukua utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule ambao watu wa Tanga hufungia mizigo kwenye keria, uchore juu yake mstari wa mawimbi kwa chaki, kisha uuvute: mawimbi yatapanuka pamoja na mpira. Ndivyo anga lenyewe lilivyotanuka wakati mawimbi ya haidrojeni yakiwa njiani, hata yaliyotoka yakiwa na sentimita 21 yakatufikia yakiwa na mita tatu hivi, yaani karibu na megahezi 100. Kwa hiyo masafa ni kama kalenda: kadiri yanavyoshuka, ndivyo habari inavyokuwa ya kale zaidi.

Kalenda hiyo ina thamani kwa sababu ya giza. Protoni na elektroni ziliungana kuwa atomu miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, na kwa muda mrefu baada ya hapo hapakuwa na nyota hata moja ya kutazamwa kwa darubini. Haidrojeni ndiyo iliyokuwapo, na ndiyo tunayoweza kuihoji. Nyota zilipozaliwa, miali yake mikali ilianza kuzivunja tena atomu zilizozizunguka, na haidrojeni ikatoboka matundu matundu mpaka, kufikia miaka bilioni moja hivi, iliyokuwa kati ya galaksi ikawa karibu yote imevunjika.

Ugumu uko kwenye kelele. Galaksi yetu, ule utepe mweupe unaoonekana usiku usio na mbalamwezi, hunguruma kwenye masafa haya maelfu ya mara zaidi ya haidrojeni hiyo, na sehemu ya mkwaruzo wa redio ya mvuvi hutoka huko. Juu yake huja matangazo ya binadamu, ambayo hata yakirushwa kutoka mbali huweza kurudishwa chini na ndege au vimondo. Ndiyo maana madishi ya darubini ya redio iitwayo HERA, yenye upana wa mita 14 kila moja na yaliyotengenezwa kwa wavu wa waya, yamewekwa katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, na antena 131,072 za SKA, mradi wa kimataifa wa darubini za redio, zinajengwa Australia Magharibi, mbali na miji.

Hata jangwani mambo hayajawa mepesi. Mwaka 2018 watafiti wa EDGES, jaribio la kuisaka haidrojeni hiyo kwa antena, walitangaza kwamba wameona dalili ya haidrojeni hiyo kwenye megahezi 78. Watafiti wa SARAS, jaribio kama hilo nchini India, walihofia kwamba ardhi iliyo chini ya antena huweza kuharibu kipimo, wakaipeleka antena yao majini, ikielea ziwani juu ya chelezo. Walipotoa matokeo mwaka 2022, dalili ile hawakuiona. Binafsi naona hoja yao ni nzito, ingawa jibu la mwisho litahitaji vipimo vingine, huenda hata kutoka upande wa Mwezi usioelekea dunia, ambako Mwezi wenyewe huzuia matangazo yetu yote kama milima ya Usambara inavyoyakata mawimbi ya FM yanayotoka pwani.