Vitabu Vitano Mezani na Riwaya ya Ziwa

Kwa miezi minne sasa kuna vitabu vitano ambavyo sijavirudisha rafuni. Vimekaa juu ya meza ninayoandikia hapa Kisumu, upande wa dirisha, vimejaa vipande vya karatasi nilivyotia kuwa alama, na kimoja kimeshaanza kuachana na jalada lake. Vyote vimewahi kuniburudisha, lakini sasa ninavisoma kama seremala anayekigeuza kiti cha fundi mwenzake juu chini ili aone miguu imeungwa vipi. Ninaandika riwaya yangu ya tatu, na riwaya hii imenikabidhi kazi ambayo zile mbili za kwanza hazikunipa: karibu wahusika wake wote wanaota, wanagombana na kuomboleza kwa Kijaluo, nami ninawaandika kwa Kiswahili. Kila ninapokwama, mkono unakwenda kwenye mojawapo ya vitabu hivyo.

Riwaya yenyewe inahusu ukoo mmoja wa ufuoni uliohamishwa na maji mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1961, ambazo zililiinua Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na ziwa likakaa juu hivyo kwa miaka mingi. Mara ya pili ni 2020, maji yalipopanda tena na kuingia katika nyumba na mashamba ya watu wa ufuo. Mwaka huohuo wa 2020 tulipoteza waandishi wawili wa riwaya za Kiswahili, Euphrase Kezilahabi mnamo Januari na Ken Walibora mnamo Aprili, na nakumbuka vizuri kwamba niliandika ukurasa wa kwanza wa mswada huu katika wiki zile za kufungiwa majumbani, nikiwa na majonzi ya watu wawili ambao sikuwahi kuketi nao lakini walionilea katika kazi hii.

Nianze na Kezilahabi kwa sababu ndiye ninayemrudia zaidi. Alizaliwa 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na Ukerewe imo ndani ya ziwa hilihili ninaloliona nikisimama juu ya vilima vya Riat, ila iko mbali, upande wa Tanzania. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikerewe. Nilipokuwa mwanafunzi tulilelewa katika imani kwamba Kiswahili kizuri ni kile kilichosheheni misemo ya pwani, na mimi, mtoto wa Nyanza niliyekutana na Kiswahili darasani na sokoni, nilijaza insha zangu majahazi na minazi na pepo za kusi, vitu ambavyo sikuwahi kuviona kwa macho. Nilipewa alama nzuri. Kisha nikasoma Rosa Mistika, iliyotoka 1971, nikakuta kijiji cha ziwani chenye baba mlevi na mkali, Zakaria, anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na yote hayo yamesemwa kwa sentensi fupi, nyofu, zisizojipamba. Kiswahili kile kilikuwa chepesi kama maji ya kunywa. Watu wa Ukerewe walizungumza humo bila kuvaa kanzu ya mtu mwingine, na mimi msomaji sikuona hata mara moja kwamba wanatafsiriwa.

Hilo ndilo ninalolitafuta nikikigeuza kitabu hicho juu chini. Nimegundua kwamba siri yake kubwa imo katika mambo aliyoyaacha. Hamwekei mhusika mdomoni methali kwa sababu tu ni mzee, wala hasimami kumweleza msomaji desturi za kisiwa kana kwamba msomaji ni mgeni. Mtu anasema anachotaka, kwa maneno ambayo mtu mwenye hasira au aibu angeyasema, na lugha ya asili unaisikia chini kwa chini, katika mpangilio wa mawazo. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa na nyanya mmoja aliyetoa methali tatu katika ukurasa mmoja. Nimezifuta zote, na tangu hapo nyanya huyo amekuwa mkali zaidi, na pia mwenye huzuni zaidi, jambo ambalo sikulitarajia.

Kuna suala linaloonekana dogo ambalo limenichukua wiki nzima, nalo ni jina la samaki. Kiswahili sanifu kina dagaa, na ni neno zuri, lenye hata methali yake, ile ambayo Walibora aliifanya kuwa jina la riwaya yake, Kidagaa Kimemwozea. Lakini hapa Kisumu, hata Mhindi mwenye duka na askari aliyeletwa juzi kutoka Garissa, akizungumza Kiswahili, atasema omena. Nilijaribu njia ya kawaida ya kumwachia msimulizi dagaa na wahusika omena, na matokeo yake yakawa kwamba msimulizi alionekana kama mtu aliyesimama barabarani, amevaa viatu, akiwatazama wenzake walioko matopeni. Nimeamua kwamba msimulizi naye atasema omena tangu ukurasa wa kwanza, bila mabano wala maelezo, na dagaa litasemwa na mtu mmoja tu, karani wa idara ya samaki aliyezaliwa Mombasa. Sasa neno hilo moja linamtambulisha karani huyo kila anapofungua kinywa. Mhariri wangu hajakubali bado. Nami nitaendelea kumshawishi, kwa sababu naamini kwamba Kiswahili cha huku bara ya magharibi si Kiswahili kilichopungukiwa, na msomaji wa Tanga au Lamu ana uwezo wa kuelewa omena ni nini baada ya kuwaona wanawake wakiianika.

Ninaamka saa kumi na nusu alfajiri, na kabla ya kuandika lolote langu ninanakili kwa mkono ukurasa mmoja wa kitabu cha mtu mwingine. Kwa sasa ninanakili Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, na hasa zile sehemu ambazo Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri sana, anakimbia na kupata hifadhi kwa Mwajuma. Shafi ana kipawa cha kuyafanya mazungumzo yasukume hadithi mbele. Mtu unamjua kwa namna anavyomkaribisha mwenzake ndani kabla hujaambiwa lolote juu ya maisha yake. Kunakili kwa mkono ni kazi ya polepole, na polepole hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa jicho huruka alama ya kituo lakini mkono hauwezi kuiruka. Baadaye ninaandika hadi saa mbili asubuhi. Mchana ninasahihisha kazi za watu wengine ili nilipe kodi ya nyumba, na sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Jumamosi ninakwenda Dunga. Hapo ufuoni kuna mama mmoja mchuuzi wa omena ambaye kwa zaidi ya mwaka amekubali nimsomee sura zangu huku akiendelea na kazi yake ya kuwageuza samaki walioanikwa juu ya nyavu kuukuu na kupimia wateja kwa gorogoro. Namsomea kwa Kiswahili, naye ananijibu kwa Kiswahili, isipokuwa anapokasirika. Sura ya sita ilikuwa fahari yangu. Ndugu wawili, wasiosemezana kwa sababu ya ardhi iliyozama, wanajikuta ndani ya mtumbwi mmoja usiku, wakivua omena, na mwezi mpevu umetanda juu ya ziwa hata kila mmoja anaona uso wa mwenzake vizuri. Nilikuwa nimetazama kalenda kwa uangalifu: mwezi ulikuwa mpevu tarehe 9 Machi 2020, nami nikauweka usiku huo huohuo. Niliposoma hadi mwisho wa ukurasa wa pili, mama aliacha kugeuza samaki.

"Mwalimu," akasema, "hao wavuvi wako wanatafuta nini ziwani?"

"Omena, mama."

"Na mwezi umeuweka juu namna hiyo? Taa itamwita nani? Usiku kama huo wanaume hulala nyumbani, na mimi huuza nilizokausha wiki iliyopita."

Alikuwa na haki kabisa. Omena huvuliwa kwa taa, katika usiku wa giza; wavuvi huziacha taa zikielea majini, samaki wakaifuata nuru, kisha wavu wenye matundu madogo ukawazunguka. Mwezi ukiwaka, nuru imeenea ziwa zima na taa haina nguvu tena. Nilirudi nyumbani nikaitafuta tarehe nyingine. Aprili haikuwezekana, kwa kuwa nchini Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Nikabakiwa na usiku wa tarehe 24 Machi, mwezi ulipokuwa umefichika kabisa. Nilipoiandika tarehe hiyo daftarini ndipo nilipokumbuka kwamba siku tatu baadaye, tarehe 27, ndiyo kafyu ya korona iliyoanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani saa zilezile ambazo mvuvi wa omena huzihitaji. Ndugu wangu wawili sasa wako gizani. Hawaoni nyuso zao, wanasikiana tu pumzi na kasia, na hawajui kwamba huo ni mmoja wa usiku wa mwisho watakaokuwa majini pamoja. Upatanisho nilioulazimisha chini ya mbalamwezi nimeuondoa. Kilichobaki ni mmoja kumwambia mwenzake ashike taa vizuri, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi bora niliyoiandika mwaka huu.

Kitabu cha tatu ni Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Uingereza aliyekuja Kenya 1954 na kuolewa katika jamii ya Wajaluo. Kilitoka 1986, na kinamfuata Paulina, binti wa miaka 16 anayepanda gari la moshi kutoka Kisumu 1956 kumfuata mumewe Martin jijini Nairobi. Ninakisoma kwa ajili ya jambo moja zito. Mnamo 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mjini kwetu, ghasia zilizuka na risasi zikafyatuliwa kwenye umati. Macgoye analiingiza tukio hilo katika riwaya yake kwa mlango wa mama anayempoteza mtoto, na msomaji anatoka humo akiwa amebeba mtoto yule kwa muda mrefu kuliko angebeba idadi yoyote ya waliokufa. Mimi nami nina sura za mafuriko, na kishawishi changu ni kueleza: mvua ilianza lini, maji yalipanda kiasi gani, serikali ilifanya nini. Nilikuwa nimeandika hivi: "Kufikia asubuhi maji yalikuwa yameongezeka kwa kiwango cha kutisha, na familia nyingi zilikuwa zimepatwa na hofu kubwa." Nimeifuta, na mahali pake sasa pana hii: "Kuku walikuwa wamepanda mezani, na hakuna aliyewafukuza." Mama ambaye hawafukuzi kuku mezani ameshakata tamaa ya nyumba yake, na sihitaji kuitaja hofu.

Siku Njema ya Walibora, ya 1996, ninaiweka mezani kwa sababu ya upendo zaidi ya mbinu. Ndani yake kijana anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake, na kwa wasomaji wa magharibi ya Kenya ilikuwa jambo kubwa kuona safari ya riwaya ya Kiswahili ikielekea kwetu, ikafika, na kukuta huku Kiswahili kinachotosha kuimaliza hadithi.

Cha tano ndicho ninachokisoma wiki hii. Grace Ogot, aliyezaliwa 1930 huko Nyanza ya Kati, alichapisha The Promised Land mnamo 1966, nayo ni hadithi ya Ochola na mkewe Nyapol, wanaoacha nyumbani na kuvuka kwenda kutafuta ardhi Tanganyika, ilhali Nyapol moyo wake haujakubali. Katika mswada wangu nimefika sura ya tisa, sehemu ambayo bibi kizee wangu wa 1962 anapaswa kuuacha mji wake kwa mtumbwi, naye hataki, na Ogot ananifundisha jinsi ya kumwondoa mtu asiyetaka bila kumfanya aonekane mkaidi. Nilimuuliza mama wa Dunga ni kitu gani mama yake angekibeba kwanza maji yakiingia. Nilidhani atasema vyungu, au matandiko, au mbegu. Alisema jiwe la kusagia, lile dogo la juu, kwa sababu lilikuwa limechongeka kwa kiganja chake tangu aolewe. Kwa hiyo sasa nina mwanamke wa miaka 60 aliyepakata jiwe katika mtumbwi uliojaa, na mwanawe anayejua kwamba uzito huo ni hatari na hathubutu kumwambia alitupe. Nimeandika hadi pale mtumbwi unapoacha ufuo. Kesho alfajiri, nikishanakili ukurasa wangu, nitaendelea kutoka hapo.