Riwaya ya mapenzi isiyomwadhibu msichana

Nahariri riwaya za vijana, na miswada inayofika mezani kwangu ina tabia moja inayonisumbua kuliko makosa yote ya sarufi. Msichana akimpenda mvulana katika sura ya pili, kabla ya sura ya tisa atakuwa amepata mimba, amefukuzwa shule, ameugua au amekufa. Mvulana mara nyingi hutoweka tu, hadithi ikaendelea bila yeye. Unaona wazi kwamba mwandishi hakumleta huyu binti apende. Amemleta awe mfano kwa wenzake.

Chimbuko lake nalielewa. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya kubwa na ya kijasiri, iliyopigwa marufuku shuleni kisha ikarudi kufundishwa miaka ya baadaye. Humo barua moja tu ya mvulana inatosha kumletea Rosa kipigo kutoka kwa baba yake, na mwisho wake Rosa anajiua. Kezilahabi alikuwa akiyashtaki malezi ya kikatili. Waandishi wengi waliomfuata walichukua kifo cha msichana, mashtaka wakayaacha. Maisha yenyewe nayo yaliwapa sababu: hadi Novemba 2021, msichana wa Tanzania Bara aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Kwa hiyo sidai kwamba riwaya za onyo zisiandikwe. Nadai kwamba msomaji wa miaka 15 anastahili pia kitabu cha mapenzi cha kumchekesha, ambamo kupenda hakumgharimu mtu uhai wala masomo. Na kukiandika ni kazi ngumu, wala si mchezo wa wavivu kama wengi wanavyodhani.

Mfano ninaowapa waandishi mara kwa mara ni To All the Boys I've Loved Before ya Jenny Han, iliyotoka Marekani mwaka 2014. Lara Jean ana miaka 16. Kila alipotaka kumtoa mvulana moyoni alimwandikia barua, akaifunga, akaiweka kwenye boksi la kofia alilopewa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Barua hizo hazikukusudiwa kumfikia mtu. Siku moja zinatumwa, zote tano. Mmoja wa waliopokea ni mvulana aliyekuwa mpenzi wa dada yake mkubwa. Ili kuificha aibu hiyo, Lara Jean anakubaliana na mpokeaji mwingine, Peter, wajifanye wapenzi, na masharti wanayaandika kwenye karatasi.

Tazama jinsi janga lilivyo dogo. Hakuna atakayekufa. Kinachotishiwa ni heshima ya binti mbele ya wenzake na undugu wake na dada yake, na kwa mtu wa miaka 16 hayo mawili ndiyo dunia nzima. Hapo ndipo waandishi wetu wengi wanapokosa imani. Wanahofu kwamba aibu haitoshi kubeba riwaya, basi wanaongeza ajali ya basi. Aibu inatosha kabisa, ilimradi umweke msomaji ndani ya kichwa cha anayeona haya. Han anatumia usimulizi wa nafsi ya kwanza, wakati uliopo, na vichekesho vinazaliwa katika pengo lililopo kati ya anachokisema Lara Jean na anachokiona msomaji. Yeye anasisitiza kwamba huu ni mkataba tu. Sisi tumeshajua kitambo.

Na wepesi huo hauna maana kwamba huzuni haimo. Nyumba ile imefiwa na mama, dada mkubwa yuko masomoni Uskoti, na Lara Jean anajaribu kuvaa viatu ambavyo bado ni vikubwa kwake. Huzuni ipo, ila haikuletwa na mapenzi. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye kila mswada.

Mapenzi ya kuigiza kama yale, hata hivyo, hayahamii kwetu hivi hivi. Mwandishi akiniletea wanafunzi wa Tanga au Mombasa wanaotembea wameshikana mikono ili watu wawadhanie wapenzi, najua ameiga filamu. Nani angefanya hivyo, na mjomba anaweza kutokea kwenye kona yoyote? Kwetu uongo unaofanya kazi ni wa kinyume chake: wawili wanapendana, nao wanajifanya hawana habari. Wanasoma kemia. Wanagombana mbele ya watu kwa makusudi. Msichana anamwita kijana "kaka" kwa sauti kubwa mno, bibi anasikia, na bibi si mjinga. Katika kujifanya huko mna vichekesho vya kujaza riwaya tatu, na bado ni vichache mno vinavyonifikia.

Shule ya bweni nayo ni hazina. Simu haziruhusiwi, kwa hiyo barua, ambayo Han ilimbidi aitafutie kisababu katika Marekani ya simu za mkononi, kwetu bado inatembea kwa miguu. Inapita kwa rafiki, inafichwa ndani ya daftari la jiografia, inaangukia mkononi mwa mtu asiyehusika. Ongeza UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, mahali ambapo shule zinakutana kwa siku chache kisha kila mmoja anarudi kwake, na una muda uliobana, umati, na mwalimu wa zamu mwenye macho manne. Mwandishi anahitaji nini zaidi?

Wazazi huniuliza kama vitabu hivi havifundishi watoto uhuni. Swali ni halali, na jibu langu ni kuwaonyesha Love from A to Z ya S. K. Ali, mwandishi wa Kanada, iliyotoka 2019. Zayneb na Adam ni vijana Waislamu wanaofahamiana safarini kwenda Doha, Qatar. Zayneb amesimamishwa shule baada ya kukabiliana na mwalimu anayeutukana Uislamu. Adam amegundulika kuwa na ugonjwa wa neva uliomuua mama yake, na anamficha baba yake. Kila mmoja anaandika shajara ya maajabu na vioja anavyovikuta. Hawagusani. Wanaishi dini yao bila kuhubiriana, na mapenzi yao yanaelekea kwenye ndoa. Mipaka hiyo haipunguzi joto la kitabu, bali ndiyo inayolileta: mtu asiyeruhusiwa kugusa hukaa akitazama, na msomaji hutazama pamoja naye. Mwandishi wa Lamu au Zanzibar asinieleze kwamba maadili yanamnyima hadithi.

Jambo jingine ni mazungumzo. Kijana wa kidato cha pili kwenye miswada mingi anaongea kama mwimbaji wa taarabu: ewe ua la moyo wangu, nitibu maradhi haya. Taarabu naipenda sana, lakini kijana huyo simwamini. Kijana ninayemwamini anamuuliza msichana, "Umekula?" Anajibiwa, "Nimekula." Anauliza tena, "Umekula nini?" Hana la kusema, hataki kuondoka, na msichana analijua hilo, ndiyo maana anaanza kumhesabia maharage moja moja. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unanipa imani na mwandishi kuliko kurasa kumi za viapo.

Ila ukurasa huo unahitaji nafasi, na hapa lawama inatugeukia sisi wa upande wa uchapishaji. Vitabu vingi vya vijana vya Kiswahili vinavyopita mikononi mwangu havifiki kurasa 150, na vingi vinalenga kukubalika kama kitabu cha ziada shuleni. Mwandishi akibanwa hivyo, cha kwanza kukatwa ni yale mazungumzo ya maharage, kwa sababu "hayasogezi hadithi". Kumbe mapenzi mepesi yanaota hapo hapo, kwenye sura ambamo wawili wanangoja daladala isiyokuja na hakuna kingine kinachotokea. Siku hizi mwandishi akiniuliza apunguze wapi, namwambia apunguze mawaidha ya shangazi katika sura ya mwisho, kituo cha daladala akiache kilivyo.