Gongo hufuata kiuno

Kijana ninayetaka kumzungumzia ana miaka 13, anakaa Wesha, Pemba, namfundisha kupiga besiboli, na kwa miezi sita mpira wake ulikuwa mmoja tu: unatambaa ardhini kuelekea kituo cha tatu, unaokotwa, naye anatolewa kabla hajafika kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia akishapiga. Mbio anazo, macho anayo, na mikono yake ni ya mtoto aliyezoea kupasua kuni. Mama yake alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwalimu, nimzidishie uji?" Nikamwambia si uji, mama, nipe muda.

Wazee waliowahi kuona kriketi ikichezwa Mnazi Mmoja hudhani besiboli ni ile ile. Gongo la kriketi lina uso bapa, na mpira mara nyingi hudunda kwanza ndipo umfikie mpigaji. Letu ni la duara, unene wake hauruhusiwi kupita sentimita 6.6, na mpira wenyewe una kipenyo cha kama sentimita 7.3, unakuja hewani moja kwa moja. Duara linakutana na duara. Ukiugusa mpira juu kidogo ya katikati yake, unatambaa. Ukiugusa chini mno, unapaa kama tiara na kudakwa. Kwa watu wazima mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Sisi kiwanja chetu ni kidogo, tunarushia mita 14, kipimo cha watoto wa miaka 12 kushuka chini. Mpira wa kilomita 90 kwa saa unazimaliza mita hizo kwa nusu sekunde na ushei, na ndani ya muda huo mtoto aone, aamue, apige.

Nikaweka simu juu ya tofali, ubavuni mwake, nikamrekodi kwa mwendo wa polepole. Jibu lilikuwa pale pale. Mguu wake wa mbele bado uko hewani, na mikono imeshaanza safari. Kiuno kimelala. Gongo linatoka juu begani kushuka chini, vile vile anavyopasua kuni nyumbani, linaukata mpira kwa juu. Nguvu yote aliyonayo ilikuwa inatumika mapema, kabla mpira haujafika.

Hapo nikafanya kosa ambalo najuta mpaka leo. Kwa kuwa nilikuwa nimeona makosa, nikamtajia yote jioni moja: kiwiko, mikono, kichwa, mguu, kushika gongo. Siku ya pili hakuweza kupiga kitu. Alisimama pale akiwaza, mpira unapita, yeye bado anakumbuka kiwiko. Wiki mbili zilipotea, na machozi yalimtoka mara moja, na makosa yalikuwa yangu. Tangu siku hiyo namsahihisha mtoto jambo moja, na jambo lenyewe nalitafuta kule mpigo unakoanzia, si kule unakoharibikia.

Nilikolipata ni ufukweni. Ami yake anavua kwa kimia, na jioni moja tulisimama kumtazama. Kamba ameifunga kwenye mkono wa kushoto, wavu ameukunja, nusu ameulaza begani. Anajizungusha kidogo kwa nyuma, uzito wote unakwenda mguu wa kulia. Halafu mguu wa kushoto unakanyaga majini, kiuno kinageuka, kifua kinafuata, na mikono inaachia mwisho kabisa. Kimia kinafunguka hewani kama sinia. Nikamwomba arushe kwa mikono peke yake, miguu imetulia. Akanitazama kama nimemwomba jambo la aibu, lakini akafanya. Wavu ukaanguka mbele yake kama furushi la nguo mbichi.

Kijana akaniambia, "Kochi, mimi ndiyo ninavyopiga hivyo."

Maneno yale aliyasema mwenyewe, na tangu hapo sikuwa na haja ya hotuba. Tulikubaliana maneno mawili tu: kanyaga, geuka. Kisigino cha mguu wa mbele kifike ardhini kwanza, huku mikono ikibaki nyuma karibu na bega. Kisha kiuno kigeuke mpaka kitovu kimtazame mrushaji, na mguu wa nyuma uzunguke juu ya vidole. Gongo halihitaji kuamrishwa, litakuja lenyewe.

Watoto wanaangalia video kwenye simu, wanakuja na mikao ya kila namna. Sadaharu Oh wa Japani alikuwa akiinua mguu mmoja na kusimama kama korongo, akapiga mipira 868 ya kuzunguka vituo vyote. Ichiro Suzuki mwaka 2004 alipata mapigo 262 ya kumfikisha kituoni katika msimu mmoja wa ligi kuu ya Marekani, na mwili wake ulionekana kama umeshaanza kukimbia kabla ya kupiga. Mikao hii haifanani hata kidogo. Lakini simamisha video pale mguu wa mbele unapokanyaga: wote wawili, mikono bado iko nyuma. Kwa hiyo simkatazi mtoto mkao anaoupenda. Namuuliza tu mguu umekanyaga lini.

Kushika gongo ndilo jambo jingine ninaloliangalia siku ya kwanza, kwa sababu za usalama wa viganja pia. Lishikwe kwenye vidole, si kukumbatiwa na kiganja. Anayetumia mkono wa kulia aweke wa kushoto chini, wa kulia juu. Wengi wao huanza kinyume, na mtoto asione haya kwa hilo: Hank Aaron wa Marekani, aliyemaliza na mipira 755 ya kuzunguka vituo vyote, ujanani mwake alishika gongo kwa mikono iliyopishana mpaka akarekebishwa. Na gongo liwe jepesi. Anyooshe mkono mmoja mbele akiwa amelishika kwa mwisho wake, nami nahesabu hadi 20. Likianza kuinama mapema, si lake, hata kama ni zuri kiasi gani.

Sasa mazoezi yenyewe. Kigingi chetu cha kuwekea mpira ni bomba la maji la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya rangi iliyojazwa zege, na juu yake kipande cha hosi ya redieta ili gongo likikosea lisivunje kitu. Kiwe na urefu wa kiuno cha mtoto. Mahali pa kukiweka ndipo wengi wanapokosea. Wanakiweka mbele ya tumbo, mtoto anajifunza kupiga akiwa amechelewa. Mpira wa katikati unapigwa usawa wa mguu wa mbele ulipokanyaga. Wa ndani, ulio karibu na mwili, unakutwa mbele zaidi. Wa nje unaachwa uingie kidogo ndipo upigwe kuelekea upande wa pili wa kiwanja.

Wavu wa kupigia tumeufunga kwenye goli la mpira wa miguu. Mara ya kwanza tulipewa jarife bovu, macho yake makubwa, mpira ukapita ukaingia kwenye mihogo ya watu. Kipande cha juya, lenye macho madogo, kikafaa. Wavu huo huo tunautumia kwa zoezi ninalolipenda kuliko yote: mtoto anaelekea wavu, anaweka kitako cha gongo kitovuni, ncha iguse wavu, anasimama hapo hapo. Kisha anapiga hewa. Akinyoosha mikono mapema, gongo linakwaruza wavu na yeye mwenyewe anasikia. Akigeuza kiuno huku mikono iko karibu na kifua, linapita bila kugusa. Sisemi neno, wavu ndio unaosema.

Kuna makocha wanaofundisha kupiga kwa kushuka chini, na nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mpira ukirushwa unashuka kidogo unapomfikia mpigaji, kwa sababu mrushaji anauachia kwa juu na ardhi inauvuta. Gongo likipanda kidogo tu linakaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi. Ted Williams wa Marekani, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, yaani kama mapigo manne mazuri kwa kila majaribio kumi, aliutetea mpigo huo wa kupanda kidogo. Kwa mtoto anayepasua kuni kila siku, neno "shusha" ndilo la mwisho ninalotaka alisikie.

Woga nao upo, na haufai kudharauliwa. Mtoto akishawahi kugongwa, mguu wake wa mbele unakimbilia pembeni badala ya kwenda kwa mrushaji. Kumkemea hakusaidii. Narudi kwenye mpira wa matambara, ule ule wa chandimu lakini mdogo, nikirusha mwenyewe kutoka karibu, mpaka mguu urudi wenyewe. Kofia ngumu ni lazima, hata mpira ukiwa wa matambara. Na nachora duara kwenye mchanga: gongo likiwa mkononi mwa mtu, hakuna mwingine ndani ya duara, hata anayekuja kuokota mpira.

Kuhusu wingi, sipendi mapigo 200 kwa siku. Tunapiga 10, tunapumzika, tunapiga 10 tena, mizunguko mitano au sita, basi. Mkono uliochoka unarudia kupasua kuni. Tunaanza baada ya Alasiri watoto wakishatoka chuo cha Kurani, na Ramadhani tunapiga hewa tu, dakika 20, karibu na futari, bila kukimbia.

Kusi lilikuwa linavuma siku mpira wake wa kwanza ulipotoka sawasawa. Mrushaji alikuwa kaka yake. Nilikuwa nyuma ya wavu, na nilichokisikia kwanza ni sauti, kavu, fupi, tofauti kabisa na ile ya mbao kukwaruza mpira. Ukapita juu ya kichwa cha mlinzi wa kituo cha pili, ukaangukia kwenye majani, na kijana wangu akasahau kukimbia. Wenzake wakampigia kelele ndipo akatoka mbio. Alipofika kituo cha kwanza aligeuka kunitazama, akaonyesha mguu wake wa mbele kwa kidole.

Mipira ya nje bado inamshinda, anaifuata kwa mikono na kiuno kinalala tena. Jumamosi tunakisogeza kigingi upande ule na kuanza.