Mhamiaji asiye na makaratasi na ubishi wa kiuchumi

Mhamiaji asiye na makaratasi ni mtu anayeishi nchi ya kigeni bila kibali halali. Huko Marekani, ambako ubishi wa kama watu hawa huumiza uchumi au huujenga hauishi, wengi humfikiria aliyevuka mpaka wa Mexico kwa miguu. Lakini wapo wengi walioshuka kwenye ndege, pasipoti ikagongwa muhuri, viza ikaisha muda nao wakabaki.

Ubishi wenyewe huanzia kwenye mishahara: wanaotafuta kazi wakiongezeka, ujira si utashuka? Mwaka 1980 Wacuba wapatao 125,000 waliteremka Florida katika miezi michache, na nguvukazi ya Miami ikaongezeka kwa takriban asilimia 7. (Hao waliruhusiwa kukaa, ila kila upande huwatolea mfano.) Mwaka 1990 mwanauchumi David Card alionyesha kwamba mishahara ya wenyeji haikuyumba. Mgeni naye hula, hupanga nyumba, hununua viatu, na matumizi yake huzaa kazi nyingine. Miaka mingi baadaye mwanauchumi mwenzake George Borjas alizirudia hesabu, akawaangalia peke yao wanaume wasiomaliza sekondari, akakuta ujira wao umeporomoka. Mpaka leo wanazozana kuhusu nani ahesabiwe.

Kwenye kodi, kila mlalamikaji ana lake la kweli. Wahamiaji hawa wengi hukatwa mchango wa pensheni kwa namba ya hifadhi ya jamii isiyo yao, na pensheni hiyo hawataiona. Fedha hizo huingia serikali kuu, ilhali gharama za shule za watoto wao huangukia zaidi jimbo na wilaya.

Kwa maoni yangu, kinachosahaulika ni kukosa makaratasi kwenyewe. Sheria ya uhamiaji ya 1986 ilimkataza mwajiri kuajiri kwa kujua mtu asiye na kibali. Halafu mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kuwa mfanyakazi wa aina hiyo, akifukuzwa kwa kushiriki shughuli za chama cha wafanyakazi, hastahili kulipwa mishahara aliyoikosa. Mwajiri mjanja aliisoma vizuri hukumu hiyo. Mtu asiyethubutu kudai hulipwa kidogo, na mwenyeji anayefanya naye kazi huambiwa achukue hicho hicho au aondoke.

Sheria hiyo hiyo ya 1986 iliwapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7. Watafiti waliowafuatilia baadaye walikuta ujira wao umepanda.