Printa ya picha ya mfukoni: yanayosemwa Kisumu na jinsi mambo yalivyo

Siku hizi ukitembea Dunga Jumapili jioni, au ukisimama kwenye bango la Ikweta pale Maseno, hukosi mpiga picha wa kukupiga kwa simu na kukukabidhi picha yako mkononi kabla hujamaliza soda. Printa yenyewe inatoshea kiganjani. Nafurahi sana kuziona zikienea. Watu wana picha maelfu kwenye simu na albamu za nyumbani ni tupu. Simu ikidondoka ziwani au ikiibwa stendi, miaka ya kwanza ya mtoto imekwenda nayo. Ila pamoja na printa hizi yameenea maneno mengi yasiyo kweli, na baadhi yanawapotezea watu picha ambazo hawatazipata tena.

"Zote ni mamoja, tofauti ni bei tu"

Hili ndilo linalozaa mengine yote. Ukiuliza dukani printa ya picha ya simu, unaweza kuwekewa mezani mashine nne zisizofanana kabisa ndani, zote zikiitwa jina hilo hilo.

Kuna zinazotumia karatasi ya ZINK, yaani karatasi yenye rangi ndani yake isiyohitaji wino, kama HP Sprocket, Canon Ivy na Kodak Step. Hizi ndizo za mfukoni hasa, na picha yake ni ya sentimita 5 kwa 7.6, mgongoni ikiwa na gundi ya kubandikia. Kuna Instax Link za Fujifilm, ambazo kwa kweli zinatumia filamu: mwanga unaipiga filamu ndani ya mashine, dawa inasambazwa na roli wakati filamu inatoka, na sura inajitokeza polepole mbele ya macho yako. Kuna za utepe wa rangi, kama Canon Selphy, ambazo nyingi ni kubwa kidogo kuliko mfuko lakini zinaingia kwenye begi. Halafu kuna za bei ya chini kabisa, zinazotumia karatasi ya kuviringishwa kama ile ya risiti.

Hii ya mwisho ndiyo inayoniuma. Mzazi ananunua kidude kizuri cha rangi ya waridi, anatoa picha ya mtoto siku ya ubatizo, ni nyeusi na nyeupe lakini inapendeza, anaitia albamuni. Karatasi ile ni ya risiti kweli. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na weusi huo haudumu. Jua linaufuta, joto linaufuta, mafuta ya vidole yanaufuta, hata plastiki laini ya kurasa za albamu inaweza kuufuta. Umeshatafuta risiti ya supamaketi kwenye pochi ukakuta kipande cheupe? Picha ya ubatizo inaelekea huko huko.

Kuitambua ni rahisi. Mwambie muuzaji akupe kipande cha karatasi yake, kisha ukikwaruze kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Ukiona mstari mweusi, hiyo ni karatasi ya risiti, maana joto la msuguano tu limetosha kuichora. Si kwamba mashine hiyo haifai. Kwa mama mwenye kibanda Kibuye anayetaka vibandiko vya bei, au wa kuandika majina kwenye pakiti za maandazi, ni chombo kizuri na nafuu. Picha ya kumbukumbu, hapana.

"Wino umefichwa ndani, na ukiisha imekufa"

Mzee mmoja pale Hippo Point aliigeuza printa yangu juu chini akitafuta mahali pa kutilia wino. "Kijana, hapa unanidanganya," akasema. "Rangi haitoki hewani." Nikampa karatasi ambayo haijatumika. Ni nyeupe tupu. "Mzee, rangi unayo mkononi."

Na ndivyo ilivyo kwa karatasi ya ZINK. Ndani yake kuna tabaka tatu za chembe zisizo na rangi: ya juu inatoa njano, ya katikati waridi iliyokolea, ya chini samawati. Kichwa cha printa kinapitisha joto mara moja tu. Joto kali kwa muda mfupi mno linaamsha ya juu peke yake; joto dogo linalokaa zaidi linazama hadi ya chini. Kwa kucheza na ukali na muda, nukta kwa nukta, mashine inapata rangi zote. Utafiti wa jambo hili ulianzia ndani ya kampuni ya Polaroid miaka ya 1990, ukatoka kuwa kampuni inayojitegemea mwaka 2005, na printa ya kwanza ya mfukoni ya karatasi hii, Polaroid PoGo, ikafika sokoni mwaka 2008.

Kwa hiyo hakuna wino wa kuisha, kuganda wala kumwagika kwenye begi. Ila wengine wameruka upande wa pili wakasema haina wino basi haina gharama. Gharama yote imehamia kwenye karatasi. Kabla hujanunua mashine, uliza kwanza bei ya pakiti, igawe kwa idadi ya karatasi, mara nyingi 10, kisha ongeza chache za kuharibika, maana zitaharibika. Uliza pia kama pakiti hiyo inapatikana Kisumu au Nakuru wiki hii, au hadi iagizwe Nairobi. Mashine ya bei rahisi yenye karatasi isiyopatikana ni hasara.

Na ndani ya pakiti ya ZINK kuna kadi ya buluu ambayo watu wengi huitupa wakidhani ni ya kukinga karatasi zisikunjike. Usiitupe. Ina alama za mistari ambazo printa inazisoma ili ijipange kulingana na pakiti hiyo, na inapopita inasafisha njia. Inakaa chini ya karatasi, mistari ikitazama chini, na inatangulia kutoka. Rangi zikianza kutoka za ajabu, mara nyingi tatizo ni kadi ya pakiti ya zamani au hakuna kadi kabisa.

"Bila bando haichapishi"

Inachapisha. Simu na printa nyingi za aina hii zinazungumza kwa Bluetooth, na Bluetooth haihitaji intaneti. Bando unalihitaji mara moja, kupakua programu ya printa, na hilo lifanye nyumbani kabla ya kwenda msitu wa Kakamega, si ukiwa ndani ya msitu ukitafuta mtandao. Printa ikikataa kuunganika, angalia kama haijashikwa na simu ya mwenzako aliyeitumia kabla yako.

"Kamera ya simu yangu ni ndogo, picha haitatoka vizuri"

Piga hesabu. Karatasi ya sentimita 5 kwa 7.6, yaani inchi 2 kwa 3, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji pikseli 600 kwa 900. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya megapikseli. Simu yoyote unayoweza kununua leo Oginga Odinga Street imepita hapo mbali. Hata picha uliyotumiwa kwa WhatsApp, ambayo hupunguzwa hadi pikseli kama 1600 upande mrefu, bado inatosha kwa karatasi ndogo kama hii. Kisichotosha ni kukata kauso kamoja kutoka picha ya kwaya ya watu arobaini.

Tatizo halisi ni mwanga, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimesikia watu wakisema kwa uchungu kwamba "hizi mashine hazitaki ngozi yetu." Nyuso zinatoka nyeusi tititi, macho hayaonekani, wakati kwenye simu picha ilikuwa inang'aa. Skrini ya simu inawaka kutoka ndani; karatasi inategemea mwanga wa pale uliposimama, na karatasi hizi ndogo haziwezi kubeba tofauti kubwa kati ya weupe na weusi. Ukimpiga mtu saa saba mchana mgongo wake ukielekea ziwa, maji yanameta na uso unazama kivulini. Karatasi inachagua maji. Mgeuze. Msimamishe ukingoni mwa kivuli cha mti, uso ukitazama uwazi. Kisha kabla ya kuchapisha, ongeza mwangaza kwenye programu hadi picha ionekane nyeupe kupita kiasi kidogo kwenye skrini, na uinue sehemu za giza. Ikitoka kwenye karatasi, utaona ngozi ya mtu kama ilivyo, na kila mtu kwa weusi wake.

"Itikise ikauke"

Hili ni la Instax, na ni la kuacha. Dawa imefungwa katikati ya tabaka za filamu, hakuna kinachokauka kwa upepo. Ukitikisa na kukunja unaweza kutenganisha tabaka na kuacha madoa. Ilaze kifudifudi, subiri dakika moja na nusu sura ionekane. Ya ZINK nayo inatoka ikiwa kavu tayari.

"Ipeleke ikalaminetiwe, itadumu"

Kila mtaa una mashine ya kulamineti, na sisi tunalamineti kila kitu, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi kadi ya kliniki. Lakini mashine ile inabana kwa joto, na umeona hapo juu joto linafanya nini kwa karatasi hizi. Ya risiti itatoka nyeusi nzima. Ya ZINK itaharibika rangi. Ukitaka kuikinga, tumia plastiki ya kubandika bila joto, au fremu yenye kioo.

Joto hilo hilo ndilo adui wa karatasi ambazo hazijatumika. Usiziache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa Kisumu mchana, wala chini ya kiti cha bodaboda. Na printa ikichapisha mfululizo kwenye harusi kisha ikawasha taa na kugoma, usikimbilie kusema imeharibika. Kichwa chake kimepata moto kupita kiasi na inapumzika. Iweke kivulini.

"Haiwezi kutoa pasipoti"

Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inaingia mara mbili kwenye karatasi moja ya ZINK ukizilaza ubavu. Nafasi inayobaki pembeni ni ndogo sana, kwa hiyo zipange kwanza kwenye programu ya kuunganisha picha. Waulize tu wanaozipokea kama wanakubali karatasi yenye gundi mgongoni.

"Nikishatoa picha, hakuna anayebaki nayo"

Hapa nawaambia hasa wenzangu tunaofanya kazi hii. Printa za utepe zinapitisha karatasi mara nne: inatoka ya njano, inarudi ndani na kutoka na wekundu, inarudi tena kupata samawati, kisha mara ya nne inapakwa ngozi ya kinga. Watoto hupenda kuitazama. Lakini rangi ikihama kwenda kwenye karatasi, utepe unabaki na alama ya sura ile ile, kinyume cha rangi. Ukiuvuta nje na kuuelekeza kwenye mwanga, unaona kila mteja, mmoja baada ya mwingine, hadi picha ya kitambulisho. Utepe huo tunautupa jalalani hivi hivi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi za mtu, na hata bila sheria, nani angependa picha ya binti yake iokotwe kwenye takataka? Uvute wote, uukate kwa makasi, kisha ndipo utupe.

"Nimeshachapisha, sasa naifuta kwenye simu"

Usifute. Huku kwetu, mtu akifariki familia hutaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye kitabu cha mazishi. Nimeletewa mara nyingi kale kapicha kadogo ka mfukoni: "Mwanangu, tukuzie hii ya baba, ndiyo pekee tuliyo nayo." Picha ya ukubwa wa A4 inataka karibu pikseli 2480 kwa 3508. Kapicha kale kamebeba 600 kwa 900, na ukikapiga tena kwa simu unakuza nukta, si sura. Unampata baba kwa mbali tu. Picha halisi ingekuwa bado kwenye simu, ingetoka safi kabisa.

Kwa hiyo ihifadhi ilivyopigwa, na mpe mtu wa pili katika familia nakala. Ukimtumia kwa WhatsApp, chagua kutuma kama hati, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa njiani, na atakayeipokea atakuwa na kitu kinachotosha printa ya mfukoni lakini hakitoshi fremu ya ukutani.