Gia ya mkono si lazima iwe ndiyo ya kasi

Wapenda magari wengi bado wanaamini kuwa gari la michezo lenye manyuo hulishinda la otomatiki. Zamani ilikuwa kweli: otomatiki zilipitisha nguvu kwa mafuta yanayozungushwa, zikawa zinateleza, nzito, na zenye gia tatu au nne tu.

Tazama Porsche 911 GT3 ya 2017, iliyouzwa kwa aina zote mbili. Ya manyuo ilifika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.9, ya PDK, yaani otomatiki ya Porsche, sekunde 3.4. Na hiyo ya PDK ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, kwa kilo 17!

Siri ni klachi mbili. Moja hushika gia 1, 3, 5 na 7, nyingine 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa tayari, inasubiri. Klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, na nguvu haikatiki. Kwenye manyuo, kila ukikanyaga klachi matairi hayasukumwi.

Kuna na kosa la mkono: kutoka ya tano ukitafuta ya nne, ukaangukia ya pili. Injini inapitiliza mizunguko, valvu zinaweza kugonga pistoni. Kompyuta ya PDK hukataa amri hiyo.

Ila klachi mbili nazo zina adabu yake: ukisimama mlimani usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta, kanyaga breki, la sivyo klachi inateleza na kuungua.