Wahadhiri wakigombana, kazi huumia wapi? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Mhadhiri hufanya kazi peke yake, kwa hiyo ugomvi wa idarani haumgusi.

Hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Darasani kweli yuko peke yake. Lakini mtihani anaoutunga hupitiwa na wenzake kabla ya kuchapwa, na alama hujadiliwa idarani na kitivoni kabla ya kufika seneti, yaani baraza kuu la taaluma la chuo. Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) naye kwa kawaida ana wasimamizi wawili. Hao wakiwa hawasemezani, anayeumia ni yeye: mmoja anaagiza sura ya pili ifumuliwe, ilhali mwenzake alishaipitisha, na kijana anazunguka na rasimu ofisi hadi ofisi huku ada ya mwaka mwingine ikimsubiri. Katika tathmini ya utendaji, wahadhiri wote wawili wataonekana wamefundisha vipindi vyao vyote. Ukitaka kuona kazi ilivyozorota, tazama orodha ya wanaosubiri kuhitimu.

Dhana: Mgogoro wowote ni sumu.

Mwaka 1995 mtafiti Karen Jehn alitenganisha mvutano kuhusu kazi yenyewe na uhasama wa watu binafsi. Uchambuzi wa De Dreu na Weingart wa 2003 ulikuta yote mawili yakiendana na ufanisi mdogo wa timu. Ule wa 2012 wa de Wit, Greer na Jehn, uliokusanya tafiti 116, ulionyesha kwamba uhasama huharibu, ila mvutano kuhusu kazi si lazima udhuru, hasa usipochanganyika na chuki.

Mimi naukubali huu wa pili. Wahadhiri wanaobishana vikali juu ya mtaala mpya wanafanya kazi yao. Mambo huharibika pale "hoja yako haina ushahidi" inapogeuka "wewe ulipandishwa cheo kwa kujuana". Na mara nyingi chanzo ni hicho hicho: vyeo, mgawanyo wa vipindi, nani kateuliwa kwenye kamati, bila vigezo kuwekwa wazi.

Dhana: Mgomo ukiisha, mgogoro umeisha.

Upo pia ugomvi wa wahadhiri na mwajiri wao. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma kuanzia 17 Septemba hadi 5 Novemba 2025, wakidai shilingi bilioni 7.9 za CBA, yaani mkataba wa pamoja wa malipo kati ya vyama vya wafanyakazi na mwajiri, wa 2017–2021. Yaani walikuwa wakidai haki yao ya mkataba uliokwisha muda miaka minne nyuma! Walirudi kwa makubaliano ya kulipwa kwa awamu mbili. Saini hairudishi wiki saba za masomo. Wiki hizo hufidiwa kwa kubana ratiba na kusahihisha mbiombio, na anayebebeshwa mzigo huo ni mhadhiri yule yule aliyechoka kungoja.

Dhana: Waache, watapoa wenyewe.

Mkuu wa idara ni mhadhiri aliyepewa cheo kwa muda. Kesho atarudi kuwa mwenzao, ndiyo maana wengi hunyamaza. Basi shauri lisikilizwe mapema na mtu asiye wa idara hiyo. Na wasimamizi wawili wasiosemezana wasiachiwe tasnifu moja: mwanafunzi abadilishiwe mmoja, bila kulazimishwa kutaja nani mkosaji.